Kasa wanaongezeka, daftari la mvuvi linasemaje?



Oktoba 2025, kijana mmoja mvuvi alituma habari katika kundi letu la WhatsApp la kijiji, huku kwetu kusini mwa Kwale. Habari ilisema kasa wa kawaida, yule ambaye wataalamu humwita kasa wa kijani, ameondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani. Chini yake kijana akaandika: "Kwa hivyo sasa ni ruhusa?" Akaweka na picha ya sufuria. Watu wakacheka, mmoja akauliza nazi ziko wapi. Kisha mjomba wangu, ambaye amevua kwa jarife zaidi ya miaka 40 na si mtu wa kuandika andika kwenye simu, akaandika neno moja tu: "Panza." Kundi zima likanyamaza.

Nimelifikiria swali la yule kijana tangu siku hiyo, kwa sababu si swali la kijinga. Mtu akiambiwa miaka na miaka asimguse mnyama kwa kuwa amekaribia kwisha, kisha akaambiwa sasa wameongezeka, ana haki ya kuuliza kinachofuata ni nini. Anayemkemea tu hajamjibu. Leo nataka kujaribu kumjibu. Mimi si mwanasayansi. Diploma yangu ni ya uhasibu, na kazi ya mhasibu ni kuuliza faida imeingia kwa nani na gharama imetoka mfukoni mwa nani. Katika habari hii ya kasa, faida imetangazwa dunia nzima. Upande wa gharama sijaona aliyeuandika.

Habari yenyewe ni ipi

Habari ni ya kweli. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, hutunza kile kinachoitwa Orodha Nyekundu, ambayo hupima hali ya aina mbalimbali za wanyama na mimea. Kasa wa kijani alikuwa katika daraja la walio hatarini tangu miaka ya 1980. Katika mkutano wa shirika hilo uliofanyika Abu Dhabi, ilitangazwa kwamba idadi yake duniani imepanda kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970, na akawekwa katika daraja la chini kabisa la wasiwasi. Sababu zilizotajwa ni pamoja na kulindwa kwa majike wanaopanda ufuoni kutaga, kuhifadhiwa kwa mayai, kupunguzwa kwa uwindaji, na vifaa vinavyowekwa kwenye nyavu za meli ili kasa apate mlango wa kutokea.

Alhamdulillahi. Ni nadra siku hizi kusikia habari ya mnyama aliyeongezeka. Lakini hesabu ya dunia nzima ni kama mshahara wa wastani: tajiri mmoja akiingia chumbani, wastani unapanda na masikini hajaongezewa hata senti. Ziko fukwe duniani ambako kasa wameongezeka mara dufu, na ziko ambako wanaendelea kupungua. Tena kupanda kwa asilimia 28 kumepimwa kuanzia miaka ya 1970, wakati kasa walikuwa tayari wamechinjwa kwa karne nyingi.

Na ninaposema karne nyingi sikisii. Kile kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kilichoeleza biashara ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, kimetaja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa huku, na kikataja watu wa kisiwa kimoja waliokuwa na vyombo vya kushonwa kwa kamba wakivitumia kuwinda kasa. Wazee wetu wa Lamu na Wabajuni walikuwa na ufundi wao wa kumfunga kamba mkiani yule samaki anayejigandisha, chazo, na kumwachia aende kumshika kasa. Basi miaka ya 1970 haikuwa mwanzo wa hesabu. Tulikuwa tumeshafika karibu na mwisho wa gunia.

Jambo jingine ni kwamba habari ile ni ya aina moja tu ya kasa. Katika maji ya Kenya wamo watano. Ng'amba, mwenye yale magamba mazuri yaliyotengenezwa vitana na bangili, bado yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa. Mvuvi anayevuta jarife usiku hajui mapema ni yupi aliyenasa.

Kwa nini kundi lilinyamaza

Sasa turudi kwa neno la mjomba. Panza ni kisiwa kidogo kusini mwa Pemba. Machi 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja, mwanamke, walifariki huko baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakapelekwa hospitali. Novemba 2021, watu saba walikuwa wamefariki Pemba kwa sababu hiyo hiyo, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu.

Kwetu hiyo si habari ya ng'ambo. Vanga, Shimoni na Kilifi wako Wapemba walioishi vizazi kadhaa, na mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua kuwa raia. Wavuvi wa Pemba na wa Kwale wamelala dago moja na kuoleana. Msiba wa Panza ulipofika, kijijini kwetu yalisomwa matanga.

Wataalamu wanaeleza kwamba sumu hiyo inadhaniwa hutokana na vitu ambavyo kasa hula baharini, kama aina fulani za mwani, vikajikusanya mwilini mwake bila kumdhuru yeye. Sumu hiyo haimtokei kila kasa, na hapo ndipo penye mtego. Mtu amekula mara 20 katika maisha yake salama salimini, mara ya 21 anazika watoto. Nyama haionyeshi rangi wala harufu. Kuchemsha sana hakusaidii. Dawa ya kuivunja sumu hiyo haijulikani, na hospitali hubaki kumsaidia mgonjwa huku mwili ukipambana. Watoto ndio hudhurika zaidi, na imewahi kuripotiwa sumu kumfikia mtoto mchanga kwa maziwa ya mama aliyekula.

Kuhusu sheria ya dini sitaki kuingilia kazi ya masheikh. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamemzungumzia mnyama anayeishi bara na baharini, na wengi wao hawakumhalalisha. Najua pia kwamba watu wa pwani wamemla kasa miaka mingi na kila mmoja ana hoja yake. Lakini kanuni ya kutojidhuru na kutomdhuru mwenzako haina khitilafu baina yetu. Aliyejua habari ya Panza kisha akampa mwanawe sahani ile, atasema hakujua nini?

Kwa hivyo jibu la kwanza kwa kijana ni hapana, na halihitaji hata kuitaja serikali. Jibu la pili ni kwamba serikali nayo imesema hapana. Sheria ya Kenya ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikubadilika kwa sababu ya mkutano wa Abu Dhabi. Kupatikana na nyama, mayai, mafuta au gamba la kasa ni kosa lenye adhabu nzito. Mvuvi wa dau la kukodi hana uwezo wa kuipima sheria hiyo kwa shingo yake.

Gharama iliyo nje ya daftari

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimefanya kama wote waliotangulia kuja kijijini kwetu na vipaza sauti. Nitakuwa nimemwambia mvuvi asifanye nini, na nikanyamazia kile ambacho tayari amefanya.

Mwaka jana wakati wa kusi, mjomba alitega jarife jioni na kwenda kulivuta alfajiri. Alimkuta kasa mkubwa amejiviringisha humo. Kasa akinasa hatulii kama samaki. Huzunguka na kupiga kwa mapezi yake, kwa sababu naye anatafuta pumzi, na asipofika juu kuvuta hewa hufa maji. Mjomba na mwenziwe waliangalia, wakaona bado yu hai. Wangeweza kumkata shingo, na pale penye giza hakuna askari. Wakaukata wavu badala yake. Walipofika dikoni, jarife lilikuwa na tundu ambalo mtu mzima angepita amesimama. Siku nne hawakwenda baharini, wakakaa chini ya mwembe wakishona kwa uzi walioukopa kwa tajiri anayenunua samaki wao. Deni hilo likakatwa katika samaki wa wiki mbili zilizofuata.

Nikamuuliza: "Mjomba, hukuona uchungu?"

Akanijibu: "Mwanangu, uchungu niliuona. Lakini kasa hakuja kuniibia. Alikuwa anakwenda zake."

Basi fungua daftari. Kasa mmoja ameongezeka katika hesabu ya dunia. Wavu mmoja umeharibika, siku nne za kazi zimepotea, deni la uzi, na nyumba mbili zimelala kwa ugali na mchicha. Wa kwanza ameandikwa Abu Dhabi. Hayo mengine hayakuandikwa popote. Zidisha jambo hilo kwa kila diko kutoka Kiunga hadi Vanga, kwa miaka zaidi ya 20, utapata picha ya nani hasa amegharamia uhifadhi wa kasa katika pwani hii.

Watamu wamejaribu kuiandika gharama hiyo. Shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997 kwa kulinda viota, lina mpango ambao mvuvi akinasa kasa hupiga simu, wafanyakazi huja, humpima kasa, humtia pete ya nambari kwenye pezi, na kumrudisha baharini au kumpeleka kutibiwa. Mvuvi hupewa fidia ndogo ya usumbufu. Kwa njia hiyo kasa wameachiliwa zaidi ya mara 20,000. Na kila mara moja ni mstari wa utafiti: ukubwa wa kasa, jinsia, afya yake, mahali aliponaswa. Huo ni utafiti uliotoka katika nyavu za wavuvi.

Wako wanaoupinga mpango wa namna hiyo. Wanasema ukimlipa mtu kwa kasa aliyenasa, kesho atamtega makusudi. Hoja hii nimeisikia na siidharau. Fidia ikiwa kubwa kuliko hasara, hatari hiyo ipo. Lakini fidia ikiwa chini ya hasara, kama ile ya gharama ya simu na muda, hakuna mwenye akili atakayeharibu jarife la maelfu ya shilingi ili apate mia kadhaa. Kinachohitajika ni kuweka kiasi sawasawa, na kulipa kwa njia isiyoleta tamaa. Mpe mvuvi uzi na vipande vya wavu badala ya pesa taslimu. Vikundi vya usimamizi wa ufuo, hizi BMU zetu, vipo kisheria tangu mwaka 2007 na vinajua nani alinasa nini. Vikipewa bohari ndogo ya uzi na daftari, hesabu itaandikwa.

Subira ya miaka 30

Kuna jambo moja katika elimu ya kasa ambalo likieleweka, mengine huwa mepesi. Kasa wa kijani hukua polepole mno. Jike huweza kuchukua miaka 25 hadi 35, na wakati mwingine zaidi, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Akishafika umri huo hurejea kutaga katika pwani ile ile aliyozaliwa. Hutaga mayai mia moja au zaidi katika kiota, viota kadhaa katika msimu mmoja, kisha hupumzika miaka miwili au zaidi. Na katika watoto hao wote ni wachache sana wanaofika utu uzima. Kaa huwala, ndege huwala, samaki huwala.

Sasa piga hesabu. Mtoto wa kasa aliyetoka mchangani mwaka 1997, mwaka ule kazi ya Watamu ilipoanza, leo ana umri wa chini ya miaka 30. Ndio kwanza anaanza kuwa mama. Ina maana kwamba matunda ya subira ya wavuvi wa miaka ya 1990 yanaanza kufika sasa hivi, mwaka huu na ujao. Ukimchinja leo yule jike mkubwa aliyenaswa, umechinja subira ya baba yako. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi naogopa tusije tukasifiwa Abu Dhabi kisha tukaharibu kazi katika msimu ambao ilikuwa ndio inalipa.

Wala tusidhani kasa ni mgeni anayekula bure. Kasa wa kijani aliyekomaa hula zaidi majani ya bahari, na malisho hayo ndiyo malezi ya watoto wa tafi na changu tunaowavua. Yanapolishwa kwa kiasi huchipua upya. Ng'amba hula sifongo zinazoshindana na matumbawe. Mvuvi na kasa wanategemea shamba moja.

Ukuta unaowazuia wote wawili

Utafiti wa miaka ya karibuni umefichua tatizo jipya. Jinsia ya kasa haipangwi tumboni, hupangwa na joto la mchanga. Mchanga ukiwa chini ya nyuzijoto 27 au 28 hivi watoto huwa madume, ukipita 31 huwa majike. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo kutoka kaskazini mwa Great Barrier Reef huko Australia: katika kasa wadogo waliotokana na fukwe zile, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Idadi inaweza kupanda huku uzao wa kesho ukikosa waume.

Kinachopoza mchanga ni kivuli. Na hapa tuseme ukweli kuhusu ufuo wetu. Mvinje na miti ya asili ya ufuoni imekatwa ili nyumba za kifahari zione bahari vizuri. Kuta za zege zimejengwa hadi maji yanapofika bamvua likijaa. Kasa jike anapanda usiku, anagonga ukuta, anarudi baharini na mayai yake au anayataga mahali ambapo maji yatayafikia. Taa za kuogelea zinawaka usiku kucha, na watoto wa kasa, ambao huifuata nuru ya upeo wa bahari, wanazifuata hizo na kukutwa asubuhi wamekauka barabarani.

Ukuta huo huo ndio umefunga njia ya mvuvi kwenda dikoni. Njia ambazo babu zetu walizipita na mishipi mabegani leo zina mageti na mlinzi anayeuliza unakwenda wapi. Ajabu ni kwamba mvuvi akikutwa na kilo moja ya nyama ya kasa anafikishwa mahakamani, na aliyejenga juu ya ufuo wa kutagia, akaziba viota vya miaka 50 ijayo, anapewa cheti cha kukaribisha watalii. Kama kasa ni mali ya umma basi sheria iwaangalie wote wawili kwa jicho moja.

Tufanye nini

Kwanza, serikali za kaunti zetu zichore fukwe zinazotagiwa, zizitaje kwa majina, na zisitoe kibali cha ukuta wala taa kali mbele yake. Njia za umma za kwenda baharini zifunguliwe katika kazi hiyo hiyo moja.

Pili, BMU zipewe uzi na daftari. Mvuvi aliyekata wavu wake kumwokoa kasa aandikwe, na wavu wake ushonwe.

Tatu, habari ya sumu isemwe misikitini, madrasa na kliniki za akina mama, kwa lugha yetu, kabla ya msiba na si baada yake. Khutba moja ya Ijumaa yenye jina la Panza itaokoa watu kuliko mabango kumi.

Nne, watafiti wawarudishie wavuvi elimu. Kasa hawa wana safari za ajabu. Mmoja aliyefungwa kifaa cha setilaiti huko Chagos, katikati ya Bahari Hindi, alifuatwa akisafiri karibu kilomita 4,000 hadi pwani ya Somalia. Mjomba wangu ameshaachilia kasa wenye pete mara kadhaa, akasoma nambari zao kwa tochi na kuzipeleka kwa waliohusika. Hakuna aliyewahi kurudi kumwambia yule kasa alitoka wapi. Nilipomsimulia habari ya huyu wa Chagos alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama naweza kumtafutia habari ya yule wa kwake. Nambari ameiandika kwa kalamu ya mkaa nyuma ya mlango wa jikoni.

Yule kijana wa WhatsApp nilimjibu siku ya pili. Nilimwandikia kwamba ruhusa haikutolewa, na kwamba walioongezeka ni wale waliosamehewa na watu kama baba yake. Nikamwambia akinasa kasa aninukulie nambari ya pete, na ikiwa wavu umeharibika anitumie na picha ya tundu. Kundi letu limeanza kuyaandika yote mawili.